Kijana, tafuta riwaya ambayo hakuna aliyekutajia

Mpangaji mmoja haamki asubuhi. Mama mwenye nyumba anabisha mlango, anabisha tena, kimya. Anatoka mbio kumwita jirani. Mlango unavunjwa. Mpangaji yuko kitandani, koo limekatwa. Sasa angalia haya: mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na kukomewa kwa ndani. Madirisha yamefungwa. Wembe hauonekani popote chumbani. Nani alimuua, na alitokea wapi?

Ukinijibu kwamba ni majini, makala haya ni yako. Ukinijibu kwamba alijiua, basi niambie wembe ulienda wapi, na makala haya ni yako pia.

Kisa hicho ndicho kinachofungua The Big Bow Mystery, riwaya fupi ya Israel Zangwill iliyotoka kwa mfululizo katika gazeti la The Star la London mwaka 1891. Hadithi za namna hii huitwa za chumba kilichofungwa: uhalifu umetokea mahali ambapo, ukipatazama kwa macho tu, hakuna mtu ambaye angeweza kuingia wala kutoka. Nimewauliza marafiki zangu wanaopenda kusoma kama wanamjua Zangwill. Sherlock Holmes wanamjua. Agatha Christie wanamjua, na filamu wameona. Zangwill? "Huyo ni nani tena?"

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Sisi vijana tunasoma kile tunachotajiwa. Kitabu kinavuma mtandaoni, kila mtu anakipiga picha kando ya kikombe cha kahawa, wiki ijayo ni kingine. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Ila nataka uende pale ambapo hakuna anayekusukuma, ukatafute riwaya za chumba kilichofungwa ambazo zimesahaulika. Nina sababu mbili. Kwanza, kusahaulika si ushahidi kwamba kitabu ni kibaya. Pili, hadithi hizi zinakuzoesha kukataa jibu la kwanza unalopewa, na jibu la kwanza, nitakueleza, linaweza kumvunjia mtu maisha.

Nianze na vile mimi nilivyoingia kwenye shughuli hii. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karibu na stage ninayopandia matatu kuna mzee anayeuza vitabu vya mitumba. Amevitandaza chini juu ya gunia, unainama kuchagua, ndiyo maana watu wa Nairobi huziita hizo inama bookshop. Siku hiyo nikaona kitabu kidogo cha Penguin, jalada la kijani lililochakaa. The Hollow Man, cha John Dickson Carr.

"Mzee, hiki ni ngapi?"

"Leta mia."

"Nina hamsini tu."

Akakitazama, akanitazama. "Chukua. Lakini usinirudishie."

Ningekuwa mpelelezi ningemuuliza kwa nini.

Carr alikuwa Mmarekani aliyeishi Uingereza kwa miaka mingi, na kitabu hicho alikitoa mwaka 1935. Profesa mmoja anatembelewa usiku na mgeni aliyevaa kinyago. Mgeni anaingia ofisini, mlango unafungwa, bunduki inalia. Watu wanapoingia wanampata profesa amepigwa risasi, mgeni hayupo. Nje theluji imeanguka, haina alama hata moja ya mguu. Nilikisoma kwenye matatu, nikakisoma kwenye foleni ya chakula, nikakisoma usiku kwa tochi ya simu wakati stima zilipopotea. Nikafika karibu kabisa na mwisho. Mpelelezi, Dkt Gideon Fell, mtu mnene anayetembea kwa kuegemea mkongojo, anaanza kueleza kila kitu. Nikafungua ukurasa uliofuata nikakuta jalada la nyuma.

Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zote.

Nilirudi kwa mzee siku iliyofuata. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Si nilikwambia usinirudishie? Tulia, kijana wangu. Nikipata kingine nitakuwekea."

Najua unachofikiria. Si ungeingia tu Google usome muhtasari? Nilifikiria hivyo pia. Kusema kweli kilichonizuia mwanzoni kilikuwa ukaidi tu. Nilikuwa nimekesha na kitabu hicho wiki nzima, sikutaka kuambiwa mwisho na mtu ambaye hakukesha nacho. Nikachukua daftari la chuo, ukurasa wa nyuma, nikachora ramani ya nyumba na barabara, nikaandika nani alikuwa wapi saa ngapi. Nikabuni jibu langu. Sikuwa nimewahi kusoma kitabu chochote kwa makini kiasi hicho, hata vile vya mtihani.

Kitabu kile kilikuwa na zawadi nyingine. Katika sura ya 17, Dkt Fell anasimamisha upelelezi na kusema waziwazi kwamba wao ni watu waliomo ndani ya riwaya ya upelelezi, kwa hivyo haina haja kujifanya. Kisha anatoa mhadhara juu ya njia zote ambazo mtu anaweza kuuawa katika chumba kilichofungwa, akitaja waandishi waliomtangulia. Kwangu mimi, ambaye sikuwa na mwisho wa hadithi, mhadhara ule uligeuka kuwa orodha ya kutafuta. Hata hivyo nakuonya: sura hiyo inafichua mbinu za watu wengine. Kama hujasoma Zangwill, msome Zangwill kwanza, ndipo umfikie Carr.

Basi nikaanza na Zangwill, na hapo ndipo nilipojua jinsi vitabu vilivyosahaulika vinavyoweza kuwa na mambo yanayotuhusu. Zangwill alizaliwa London mwaka 1864, mtoto wa wahamiaji Wayahudi. Riwaya yake aliiandika kwa muda wa wiki mbili, siku kwa siku, kwa sababu gazeti lilimtaka afanye hivyo haraka. Wasomaji walikuwa wakituma barua kila siku kumtaja muuaji. Baadaye akatania kwamba alisoma barua zote, akamchagua mtu pekee ambaye hakuna aliyemshuku. Wengine waliamini utani huo, ikabidi aeleze kwamba jibu alikuwa nalo kabla ya kuandika neno la kwanza.

Je, unajua Zangwill huyo huyo anaingia katika historia ya Kenya? Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya ardhi Afrika Mashariki. Vitabu vya historia huuita Mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, huko huko Eldoret iliko leo. Ujumbe ulitumwa kuikagua. Wenyeji hakuna aliyewauliza. Mwaka 1905 mkutano mkuu wa Wazayuni ulikataa mpango huo, na Zangwill, aliyekuwa akiuunga mkono, akajitenga na kuanzisha shirika lake la kutafuta ardhi mahali pengine. Nilisoma habari hizo nikiwa nimeketi na binamu yangu aliyezaliwa Eldoret. Akaniuliza, "Yaani huyu jamaa wa wembe ndiye alitaka shamba letu?" Tulicheka, ila pia tulinyamaza kidogo.

Kutoka kwa Zangwill nikaenda kwa Jacques Futrelle, Mmarekani aliyeandika The Problem of Cell 13 mwaka 1905. Ni hadithi fupi, utaimaliza kabla matatu haijatoka kwenye jam ya Thika Road. Profesa mmoja mwenye kiburi anawaambia rafiki zake kwamba hakuna lisilowezekana kwa anayetumia akili. Wanambishia. Anakubali kufungwa katika seli ya watu waliohukumiwa kifo na kuahidi kutoka ndani ya wiki moja. Yaani chumba kilichofungwa kimegeuzwa: badala ya kuuliza muuaji alitokaje, unamtazama mtu akitoka mbele ya macho yako na bado hujui anatokaje. Futrelle alikufa Aprili 1912 meli ya Titanic ilipozama. Alikuwa na umri wa miaka 37. Wengi wetu tumeitazama filamu ya Titanic zaidi ya mara moja, lakini sijakutana na rika langu anayejua kwamba meli ile ilizama na mwandishi huyo.

Kisha yupo Hake Talbot. Jina hilo ni la kubuni. Mwenyewe aliitwa Henning Nelms, mtu wa jukwaa aliyependa mazingaombwe kiasi cha kuandika kitabu kuyahusu. Kwa jina la Talbot alichapisha riwaya mbili tu, ya pili ikiwa Rim of the Pit ya mwaka 1944. Watu wamekwama katika nyumba iliyozungukwa na theluji, wanaita roho ya marehemu, na roho inaonekana kuitikia. Mwaka 1981 mwandishi Edward D. Hoch aliwauliza waandishi na wahakiki wenzake ni riwaya zipi bora za aina hii. The Hollow Man iliibuka ya kwanza. Ya pili ilikuwa Rim of the Pit. Fikiria hilo. Mabingwa wa kazi hii wanakiweka kitabu nafasi ya pili duniani, na wewe ukiwauliza watu mia moja mjini, sidhani utampata hata mmoja aliyewahi kukisikia.

Kwa nini basi kikasahaulika? Sababu za kusahaulika mara nyingi hazihusiani na ubora. Mwandishi anaacha kuandika. Mchapishaji anafunga duka. Nakala zinaisha, hakuna anayechapisha nyingine, na kizazi kinachofuata hakina pa kukipata. Au kitabu kimeandikwa kwa lugha ambayo wenye soko la vitabu hawaisomi.

Mfano wa mwisho huo ni Seishi Yokomizo wa Japani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya huko haikutaka riwaya za upelelezi. Yokomizo alihamia kijijini mkoa wa Okayama. Vita vilipoisha, mwaka 1946, akaanza kutoa The Honjin Murders kwa mfululizo kwenye jarida. Ni usiku wa harusi katika familia ya kitajiri. Mayowe yanasikika, kisha muziki wa koto, ala ya nyuzi ya Kijapani. Bwana na bibi harusi wanakutwa wamekatwa kwa upanga, nyumba imefungwa kwa ndani, upanga umesimama nje kwenye theluji, na hakuna alama ya mguu. Mpelelezi ni kijana mchakavu, Kosuke Kindaichi, anayejikuna kichwa akifikiri. Ndani ya kitabu hicho msimulizi anaitaja The Mystery of the Yellow Room ya Mfaransa Gaston Leroux, iliyotoka mwaka 1907. Umeona? Kijiji cha Japani kinazungumza na Paris.

Kindaichi ni jina kubwa kwao kama Sherlock Holmes. Lakini tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho ilitoka mwaka 2019. Hesabu mwenyewe: miaka 73. Kilikuwa kizuri muda wote huo, ila hakuna aliyekuwa akikitafuta kwa upande huu wa dunia.

Sasa nikupe ile sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi.

Nyanya yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kijijini. Pesa alizihifadhi katika sanduku la mbao lililokaa kwenye kona ya chumba chake, na ufunguo aliuvaa shingoni. Siku moja akafungua sanduku, elfu sita hazipo. Kufuli haikuwa imeguswa. Ufunguo haukuwa umetoka shingoni. Familia ikaketi. Shangazi mmoja akasema ni majini yaliyotumwa na jirani. Wengine wakasema majini hayali pesa, huyu ni msichana anayemsaidia nyanya nyumbani, lazima alichukua ufunguo nyanya akiwa amelala. Msichana alilia, akaapa, akafungua mkoba wake mwenyewe mbele ya watu. Hakukuwa na kitu. Walimfukuza jioni hiyo hiyo, bila mshahara wa mwezi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa kidato cha tatu, nikanyamaza, kwa sababu jibu lilionekana wazi.

Mwaka uliofuata tukahamisha samani ili tupake chumba rangi. Sanduku lilipogeuzwa, upande wa nyuma, ule ulioegemea ukuta, ulikuwa na tundu. Nyuma yake kulikuwa na shimo la panya, na ndani ya shimo vipande vya noti vilivyotafunwa kama nyasi za kiota. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amegeuza sanduku. Mama alitafuta nambari ya yule msichana ili amwombe radhi na kumlipa. Mteja wa nambari hiyo hapatikani mpaka leo.

Kwa hivyo ninaposoma riwaya ya chumba kilichofungwa, sisomi mchezo mtupu. Hadithi hizi zote zina mwendo mmoja. Jambo lisilowezekana linatokea. Mtu anasema ni mizimu. Mwingine anamnyoshea kidole yule aliye rahisi kunyoshewa, mara nyingi mtumishi, mgeni au maskini. Kisha anakuja mtu mmoja ambaye hakubali lolote kati ya hayo mawili. Anauliza: Ulijuaje? Uliona mwenyewe au uliambiwa? Ilikuwa saa ngapi hasa? Kuna aliyegeuza sanduku? Ukisoma vitabu kumi vya namna hiyo, maswali hayo yanaanza kukujia yenyewe, hata ukipokea ujumbe wa WhatsApp ulioandikwa "imethibitishwa" bila kusema imethibitishwa na nani.

Unaweza kuniuliza, kwa nini visiwe vile maarufu? Si Christie naye anafunza hayo? Ni kweli. Tofauti ni kwamba kitabu maarufu umeshaambiwa jinsi ya kukisoma. Umeona filamu, rafiki amekuchongea mwisho, mtandaoni kuna watu elfu wanaokueleza ni kizuri kwa sababu gani. Kitabu kilichosahaulika unakutana nacho peke yako. Ukikipenda, umekipenda wewe. Ukikichukia, ni lazima ujue sababu yako mwenyewe, maana hakuna wa kukuazima maoni.

Sitakudanganya kwamba kila kilichofukiwa ni dhahabu. Hivi vitatu nimeviacha njiani, na kimoja nilikirudisha kwa mzee nikamwambia asimuuzie mtoto wa mtu. Wahusika wengine ni wakavu kama ubao. Waandishi wa enzi hizo walikuwa pia na dharau zao kwa Waafrika, Waasia, Wayahudi, wanawake na watumishi. Utakutana na sentensi itakayokufanya ufunge kitabu. Ukifunga, hujakosea. Mimi huendelea mara nyingi kwa sababu nataka kujua fumbo, lakini huwa sijifanyi kwamba sikuiona sentensi ile.

Anthony Wynne ni mfano mzuri wa pande zote mbili. Alikuwa daktari, na Murder of a Lady ya mwaka 1931 ina fumbo tamu sana: bibi mzee ameuawa katika chumba kilichofungwa cha kasri moja la Uskoti, na kwenye jeraha kuna gamba la samaki. Wenyeji wanasema ni viumbe vya majini vimetoka ziwani. Lugha yake ni nzito, utapiga miayo. Ila gamba lile halitakuacha ulale.

Sasa, unavipata wapi? Anza na vya bure na halali. Project Gutenberg ina The Big Bow Mystery na The Mystery of the Yellow Room, kwa sababu waandishi wao walifariki zamani na hakimiliki imeisha. Faili ya maandishi ni ndogo kuliko video moja fupi, bando yako haitalia. Zile PDF za magenge ya Telegram ziache, hasa za waandishi na watafsiri walio hai. Hawa ndio wanaofufua vitabu, na wanakula kwa kazi hiyo.

Kisha jua majina ya wanaofufua. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ina mfululizo uitwao British Library Crime Classics, na humo ndimo Wynne alimorudi sokoni. John Pugmire alianzisha shirika dogo lililoitwa Locked Room International, likamtafsiri Paul Halter wa Ufaransa na waandishi wa Japani, na pia likatoa upya kazi za Derek Smith, Mwingereza ambaye Whistle Up the Devil yake ya mwaka 1953 ilikuwa imebaki kitu cha kuwindwa na wakusanyaji. Na kama unataka orodha yenyewe, Robert Adey, msomaji Mwingereza, aliikusanya katika kitabu Locked Room Murders mwaka 1979, akakipanua mwaka 1991 hadi kazi zaidi ya 2,000. Majibu ameyaweka nyuma ya kitabu, mbali na mafumbo, ili usiyaone kwa bahati mbaya. Huo ndio uungwana.

Halafu inama. Vitabu vya mitumba vinakuja kwa marobota, muuzaji mwenyewe hajui kilichomo. Tafuta jalada la kijani la Penguin, rangi waliyoitumia kwa riwaya za uhalifu. Pita maktaba za mtaani kama ya Kaloleni na ya Makadara hapa Nairobi, uulize wahudumu kuhusu rafu ambayo haiguswi. Na kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa mwisho. Usisome. Hakikisha tu upo.

Kuna rafu moja zaidi, na hiyo ni yetu. Mwaka 1957 hadi 1958 Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake hapa Nairobi, liliendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Mshindi alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, mtulivu, asiyebabaika na habari za mizimu wakati maiti ipo mbele yake. Zilifuata nyingine, zikiwemo Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Si hadithi za mlango uliokomewa kwa maana ya Carr. Lakini kazi ya Bwana Msa ni ile ile: watu wanaogopa mahali fulani, na hofu yao inamfaa mwenye kosa.

Niambie ukweli. Umewahi kumwona Bwana Msa dukani karibuni? Mimi nakala yangu niliipata kwa mwalimu mstaafu, imefungwa kwa gundi ya karatasi. Wajapani walimsubiri msomaji wa Kiingereza miaka 73, lakini wao wenyewe hawakumwacha Kindaichi apotee. Sisi wetu tumemwacha chini ya gunia, kisha tunalalamika kwamba Kiswahili hakina riwaya za kusisimua. Mchapishaji hawezi kuchapa upya kitu ambacho hakuna anayekiulizia. Kiulizie. Ingia dukani useme jina, hata kama unajua hawana, waandike kwenye daftari lao kwamba kuna mtu alikuja.

Miezi minane baada ya siku ile, mzee wa vitabu alinipigia mluzi nikishuka kwenye matatu. Alikuwa ameshika The Hollow Man nyingine, jalada jeusi, chapa ya baadaye.

"Nimekuangalizia mwisho," akasema. "Upo."

Nilimpa mia mbili bila kubishana. Sikupanda matatu. Niliketi kwenye kingo ya barabara nikasoma kurasa zile za mwisho, daftari langu likiwa wazi kando. Nilikuwa nimekosea karibu kila kitu. Jambo moja tu nilikuwa nimelipata, na hilo sikwambii, kwa sababu hujakisoma.

Mzee akauliza, "Sasa ile ya zamani utaifanyia nini?"

Nimeiweka. Mdogo wangu ameingia kidato cha tatu mwaka huu, na nataka nimpe ile isiyo na mwisho kwanza.